Barbados: chama kimoja kilizoa viti vyote, upinzani ulitoka wapi?

Mdadisi: Wakuu, 2018 chama cha BLP (Barbados Labour Party) cha Mia Mottley, aliyekuja kuwa waziri mkuu, kilizoa viti vyote 30 bungeni. Sasa kiongozi wa upinzani alipatikanaje?

Nahodha: Alitokea humohumo mkuu. Askofu Joseph Atherley alishinda kwa tiketi ya BLP, hata wiki mbili hazijaisha akahama upande, akawa mpinzani pekee bungeni, baadaye akaanzisha chama chake.

Bi Salma: Mi namheshimu sana, maana bunge lisilo na wa kuhoji serikali ni hatari jamani. Ila 2022 akakosa kiti, BLP ikabeba tena vyote 30.

Nahodha: Kweli dada, halafu Februari 2024 Ralph Thorne naye akatoka BLP akaenda chama cha DLP (Democratic Labour Party), ndo akawa kiongozi wa upinzani.