Nyanya zangu za ndoo zimekuwa msitu, na nimekata pasipotakiwa. Nisaidieni

NdooSita

Wakuu, habari za muda huu. Nina minyanya sita kwenye ndoo za lita 20, kila mmoja na ndoo yake. Ndoo nilizitoboa matundu mwenyewe kwa msumari wa moto. Miche ina wiki nane tangu niihamishe. Ilipokuwa midogo nilikuwa nayahesabu majani kila asubuhi kabla ya kunawa uso, sasa imenishinda. Ndoo ya tatu hadi ya sita ni msitu mtupu: nikiingiza mkono kutafuta shina kuu silipati, tawi limezaa tawi, na tawi hilo nalo lina wajukuu. Jana nimehesabu nyanya zenyewe, ni kumi na moja kwa ndoo zote, na nyingi hazijapita ukubwa wa gololi.

Nilishasikia kwamba nyanya lazima zipogolewe. Basi Jumamosi nikachukua mkasi wa jikoni nikaanza na ndoo ya tatu, ndiyo iliyokuwa imestawi kuliko zote. Kila kilichojitokeza pembeni nikakipitia. Nilipomaliza mti umenyooka kama ufito, nikajisifu kabisa. Kesho yake, wakati nazoa takataka, nikaona mambo mawili. Ndani ya vile nilivyovitupa kulikuwa na vishada viwili vya maua, vimeshafunguka rangi ya njano. Halafu kulikuwa na ile ncha ya juu kabisa ya mti. Nadhani ilikuwa imelala upande, nikaiona tawi kama matawi mengine. Mke wangu aliitazama akauliza, "Na hii ilikuwa na kosa gani?" Sikuwa na jibu.

Sasa naomba kujua, mnatofautishaje tawi la kukata na kitu cha kuacha? Kwa macho yangu vyote ni kijani na vyote vinatoka pembeni. Na huyu wa tatu ndiyo basi tena? Majani yake ya chini yameanza kujikunja kwenda juu kama mtu anayesokota mkeka. Ndoo ya tano nayo ina nyanya mbili zenye kitako cheusi, ila hiyo sijaigusa. Nisisahau: ndoo ya kwanza na ya pili ni mbegu ya pakti nyingine, ni mifupi, imejaa kama kichaka na imeshika maua mengi kwa pamoja. Nilitaka kuihamia leo jioni na mkasi wangu.

BibiKitalu

Mwanangu, hiyo ya kwanza na ya pili usiiguse. Nakuomba. Nitakueleza kwa nini, ila mkasi urudishe jikoni kwanza.

Tuanze na kutofautisha. Shika jani moja la mnyanya, lifuate kwa kidole taratibu mpaka linapokutana na shina. Ile pembe unayoikuta pale ni kwapa. Kila kwapa la jani lina chipukizi lake, liwe limeshatoka au bado limelala. Kitu kilichotoka kwapani ni tawi. Kishada cha maua hakikai kwapani. Kinatoka kwenye shina lenyewe, mahali patupu kati ya jani na jani, na hakina majani, kina vifundo vidogo vyenye manyoya. Nilifanya kazi kwenye vitalu vya nyanya miaka mingi, na mama aliyenipokea siku ya kwanza hakujua kusoma. Alinishika kidole akakitembeza kwenye shina, akasema, "Kwapani tawi, mwilini tunda." Nikapewa mstari mzima wa miche siku hiyohiyo na sikukata ua hata moja. Niliogopa sana, lakini sikukata.

Ukiona bado unababaika, acha siku tatu. Chipukizi litaonyesha majani, kishada kitaonyesha vifundo. Hakuna anayekukimbiza.

Kuhusu ncha: kosa lako wanalifanya hata wazoefu, kwa sababu chipukizi lililo chini tu ya kishada huwa na nguvu kuliko yote, linaweza kunenepa likalingana na shina kuu. Ukifika juu panapogawanyika mara mbili, tafuta kishada kipya kabisa kiko upande gani, kisha fuata kila mguu mpaka chini yake. Ule uliozaliwa kwapani ndio tawi, hata uwe mnene kiasi gani. Wa tatu hajafa. Mnyanya uliokatwa kichwa huamsha makwapa yake. Ndani ya wiki moja au mbili utaona machipukizi yanatoka tena, kwa sababu mkasi wa jikoni hauingii kwapani vizuri, umebakisha visiki. Chagua moja, lile la juu kabisa lenye afya, lifunge kwenye mti wa kuegemea lisimame wima. Hilo ndilo shina lako jipya. Umechelewa kidogo tu.

Sasa namna ya kutoa. Chipukizi likiwa fupi kuliko kidole chako cha kati halihitaji chuma. Lishike kwa kidole gumba na cha shahada, lilaze kushoto, lilaze kulia, linakatika lenyewe kwa mlio mdogo. Fanya asubuhi, mmea ukiwa umejaa maji, na siku isiwe ya mvua, ili kidonda kikauke kabla ya jioni. Jioni ukikata, kidonda kinalala kibichi na umande unakikuta hapo.

Yale yaliyoshakuwa mikono usiyang'oe kutoka shinani, utachana ngozi ya shina. Kwa haya chukua kisu kikali, hesabu majani mawili kutoka kwapani, kata mbele yake. Tawi linaacha kurefuka lakini yale majani mawili yanaendelea kutoa kivuli. Na kivuli ni mali. Nyanya ikivuliwa nguo ghafla kwenye jua kali inapata baka jeupe lenye ngozi kama karatasi, na hapo haiponi tena. Kwa msitu wako usipunguze zaidi ya theluthi moja ya majani kwa siku moja. Rudi baada ya wiki, punguza tena.

Nawa mikono kwa sabuni kabla hujaanza, hasa kama unavuta sigara. Kuna virusi vya tumbaku ambavyo vinakaa kwenye sigara na kwenye vidole vya mvutaji, na vikiingia kwenye kidonda cha mnyanya hakuna dawa. Kwetu mvutaji alikuwa haingii kitaluni bila kunawa, hata awe msimamizi. Na anza na miti mizima, mwenye dalili za ugonjwa awe wa mwisho.

Hiyo mifupi ni aina nyingine ya nyanya. Nyanya ndefu shina lake halina mwisho, linapanda na kuzaa mpaka baridi au ugonjwa ulimalize. Nyanya fupi shina lake linajifunga lenyewe kwa kishada cha maua, kimo kinaishia hapo, na mavuno mengi yanakaa kwenye yale matawi ya pembeni. Ukiyapogoa umevuna kwa mkasi. Itolee tu majani ya chini yanayogusa udongo, uipe mti wa kuegemea, basi.

MwagiliaPolepole

Bibi kamaliza upande wa kukata. Mimi nina neno kwenye maji tu, maana ukikusanya yale majani na hicho kitako cheusi, naona ndoo inakauka halafu inafurika.

Majani ya chini kujikunja kwenda juu baada ya kupogolewa sana, yakiwa bado ya kijani na magumu kidogo kama ngozi, si ugonjwa. Mti umepoteza majani mengi kwa mpigo, unajihami. Yatabaki hivyo hivyo na nyanya zitaendelea kuzaa. Cha kuogopa ni majani machanga ya juu kuwa madogo, kujikunja kama kikombe, kingo zikawa za njano na mti ukadumaa. Hiyo ni rasta, ugonjwa unaoletwa na inzi weupe. Gonga tawi kwa mkono: ukiona vumbi jeupe linaruka na kurudi kutua chini ya majani, hao ndio wenyewe.

Kitako cheusi nacho si ukungu, usiende kupuliza dawa. Tunda limekosa kalsiamu wakati linakua. Mara nyingi kalsiamu ipo kwenye udongo, lakini inasafiri na maji, na maji yakija kwa kusuasua haifiki kwenye tunda. Watu watakwambia usage maganda ya mayai. Yanaoza polepole mno, nyanya za msimu huu hazitayaona. Chomeka kidole mpaka kifundo cha pili. Pakiwa pakavu mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, na ufanye hivyo saa zilezile kila siku. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo. Hizo mbili zitoe, hazitapona, zinazofuata zitakuja safi.

Halafu ulivyosema msitu na matunda kumi na moja, nauliza: unaweka mbolea gani?

NdooSita

Shikamoo Bibi. Mkasi umerudi jikoni, nimeshuhudiwa.

MwagiliaPolepole, umenishika. Nilikuwa naweka yurea, kijiko kimoja kila wiki kwa kila ndoo. Nilikuwa naona majani yanavyong'aa, nikafikiri ndiyo afya. Maji nilikuwa naweka nikikumbuka.

BibiKitalu

Marahaba mwanangu. Yurea kila wiki! Basi msitu umeulima kwa mkono wako mwenyewe. Nitrojeni nyingi inaleta majani na machipukizi, maua yanasubiri. Acha kabisa kwa sasa. Ukianza tena tafuta mbolea yenye potashi zaidi, na kidogo.

KikombeChaMiche

Naomba kupingana na Bibi kidogo kwa heshima zote. Mimi sibakizi shina moja, nabakiza mawili: shina kuu na lile chipukizi lililo chini ya kishada cha kwanza. Nayafunga kwenye miti miwili kwa umbo la V. Nyanya zinakuwa nyingi zaidi, ingawa ni ndogo kidogo na zinachelewa.

Na usitupe machipukizi! Lenye urefu wa kiganja, toa majani ya chini, lisimamishe kwenye glasi ya maji dirishani pasipo jua kali. Baada ya wiki moja hivi utaona vinywele vyeupe, hiyo ni mizizi. Panda. Ni mti uleule wa mama yake, na unawahi kutoa maua kuliko mche wa mbegu. Dirisha langu halijawahi kukosa glasi, nyumbani wameshazoea kunywea vikombe.

BibiKitalu

Hujapingana nami, umeniongezea. Kitaluni tulikuwa na mistari iliyosongamana, shina moja ndilo lililopitisha hewa. Mawili yanafaa kama ndoo ina nafasi na mwenye ndoo anakumbuka kumwagilia. Huyu wetu amekiri mwenyewe, aanze na moja.

Nimesahau jambo. Kishada cha kwanza kikishakuwa na matunda ya ukubwa wa yai, toa majani yote yaliyo chini yake, mawili matatu kwa wiki. Matone ya maji yakigonga udongo yanarusha vijidudu vya bakajani kwenye majani ya chini, ndiyo maana madoa yenye miduara ndani ya miduara huanzia huko chini na kupanda. Ukifunga shina kwenye mti, kamba ipite kwa umbo la 8, kitanzi kimoja kishike mti na kingine kilegee kwenye shina. Shina litanenepa, usilinyonge.

NdooSita

Narudisha majibu, leo ni siku ya kumi na mbili.

Wa tatu ametoa machipukizi manne. Nilichagua la juu, hayo matatu nikayalaza kushoto, kulia, yakakatika na mlio uleule ulioutaja Bibi. Vidole vilibaki na rangi ya kijani iliyogeuka nyeusi, sabuni ilifanya kazi mara tatu. Mawili nimeyaweka kwenye glasi, moja lina mizizi saba, la pili limeoza. Ndoo ya nne na ya sita nimezipunguza mara mbili, sasa shina kuu naliona kuanzia chini hadi juu bila kuingiza mkono. Ndoo ya tano nilizitoa zile mbili nyeusi; zilizofuata ni tatu na vitako vyake ni vya kijani mpaka leo. Ya kwanza na ya pili sijazigusa.

Swali jipya, samahani. Wa sita amefika kwenye dari, na ncha imeanza kujikunja kurudi chini. Naweza kumkata kichwa huyu kwa makusudi?

BibiKitalu

Huyu mkate. Hesabu majani mawili juu ya kishada cha mwisho, kata mbele yake. Na safari hii mwite mkeo aone.