Naomba ushauri: SVI au Heston yenye miruko kwa opsheni za wiki moja?

Wakuu, habari zenu. Natengeneza modeli ya volatiliti (kiwango cha kuyumba kwa bei) inayodokezwa na bei za opsheni (mikataba ya haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa, yaani bei ya utekelezaji) za faharasa ya hisa za Marekani, S&P 500. Tangu anguko la Oktoba 1987 mchoro wake dhidi ya bei ya utekelezaji umeinama: opsheni za kuuza zenye bei ya utekelezaji ya chini hubeba volatiliti kubwa zaidi, na fomula ya bei ya Black-Scholes, yenye volatiliti moja tu, hailielezi hilo. Heston (modeli ambayo volatiliti yenyewe hubadilika kwa nasibu) inanifaa kwa opsheni za miezi sita na zaidi, ila kwa wiki moja mteremko wake hautoshi kabisa. SVI (fomula ya kuchora mkunjo wa volatiliti moja kwa moja) inashika vizuri, lakini pembezoni msongamano wa uwezekano unatoka hasi, yaani arbitraji ya kipepeo (faida bila hatari kwa kuchanganya opsheni za bei tatu za utekelezaji). Nivibane vigezo vya SVI, au niongeze miruko (mabadiliko ya ghafla ya bei) kwenye Heston? Na opsheni zisizouzwa sana mnazipa uzito gani?