Mrejesho: kumbe "short-handed" si mkono wa birika

Wakuu, juzi niliuliza maana ya "short-handed", baada ya meneja wetu kutuandikia "We are short-handed this week". Nilidhani anakiri uchoyo, mkono wa birika! Asanteni mlionifafanulia: "hand" hapo ni mfanyakazi, kama baharia melini, kwa hiyo tumepungukiwa watu.

Leo nikajitia ujuzi, nikamwita mwenzangu aliyebaki peke yake kaunta "a short-handed man". Meneja alicheka mpaka machozi. Neno hilo husemwa zaidi kwa timu, duka au meli, na mara nyingi hukaa baada ya kitenzi. Mwenye mkono mrefu, yaani mwizi, Waingereza humwita "light-fingered". Na "shorthand" ni jingine kabisa, ile hati mkato ya makatibu muhtasi.

Zamu mbili Jumamosi nimeshapangiwa.