Yule muuza bunduki wa Mafinga: mimi ni mtu wa kuambiwa nirudi kwenye manati?

Ngiri wa Isimani:
Kamwene wakuu. Naandika mkono unatetemeka, tangu mchana sijatia kitu tumboni. Yule bwana mnamjua. Sitaji jina na wala hakuna haja, maana yeyote aliyewahi kusimama stendi ya Mafinga akaona Land Cruiser ya kijani yenye pembe za kongoni mbele anajua namsema nani.

Leo, mbele ya shemeji yangu, kasema nirudi kwenye manati.

Manati! Mimi! Mtu ninayekata kibali cha kuwinda kila msimu, ngiri wa Usangu wote wananifahamu kwa harufu!

Habari yenyewe hii hapa. Alitangaza bunduki ya bolti, mkono wa pili, imeundwa kwa oda. Mwili wa Mauser 98, mtutu umefungwa upya na fundi, kitako eti cha mti wa jozi kutoka Ufaransa. Mtutu umegongwa .30-06, yaani aina ya risasi inayokula, na leseni yake imeandikwa hivyo hivyo. Nikasema sawa, risasi zake zinapatikana, kwa swala pala na kongoni inatosha kabisa. Nikatoa kianzio. Tukakubaliana tuijaribu kwanza kwake, yeye mwenyewe akiwepo na karatasi zake, ikipita ndiyo twende polisi kuomba kibali cha kuihamisha.

Tuanze na kitako. Wakuu, kile ni mninga. Mimi nimezaliwa juu ya kitanda cha mninga, nimelishwa kwenye meza ya mninga, leo mtu anipakie rangi ya viatu juu ya mninga aniambie Ufaransa?

Nikanyamaza. Tukaweka kibao mita 100, mfuko wa mchanga chini ya bunduki. Risasi ya kwanza ikashika kona ya juu. Iliyofuata, kama si ule ukingo wa udongo nyuma, ingepokelewa Madibira. Nikamwambia, mzee wangu, tusimame kidogo tuangalie maganda ya risasi.

Hapa someni polepole. Ganda la .30-06 bega lake limelala, linateremka taratibu kuelekea shingoni. Haya yaliyotoka bega limesimama wima na ubavu umenyooka. Halafu juu kidogo ya kitako cha ganda kuna mstari unang'aa, umezunguka pande zote. Moja ukipitisha ukucha pale, unakwama. Maana yake chemba, pale risasi inapokaa ndani ya mtutu, imechongwa upya na mtu, na ganda linavutwa kila unapofyatua. Siku likikatika humo ndani, gesi inarudi kukutafuta jicho.

Nikamwonyesha, kwa heshima zote, na shikamoo nilishampa tangu getini. Hakulitazama ganda. HAKULITAZAMA. Akashusha kofia, akamgeukia shemeji kana kwamba mimi sipo, akasema: "Bunduki haina kosa. Mikono ya huyu imezoea manati, arudi kwenye manati yake."

Wafanyakazi wake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Shemeji akatazama viatu vyake, lakini mabega yalikuwa yanatikisika, nimeyaona. Sasa hivi habari imeshafika ukweni Kilolo. Mama mkwe anapiga simu, sijapokea. Unapokeaje?

Na kianzio changu eti atarudisha akivuna. Avune nini? Ana paini za mwaka jana, zinanifika gotini!

Chai ya Mufindi:
Pole sana mkuu. Swali dogo tu: manati yenyewe ni ya mpira wa baiskeli au wa gari?

Kiazi Mviringo:
Bila picha ya ganda hii ni hadithi. Lete picha.

Fundi Baridi:
Picha ya nini, maelezo yanatosha. Bega likisimama hivyo hiyo ni Ackley, kwa jina la yule fundi wa Marekani aliyekuwa anazichonga upya chemba za watu. Bega la .30-06 ya kawaida ni nyuzi 17 na nusu, la kwake ni nyuzi 40. Kuchonga si kosa. Ikifanywa vizuri inapiga risasi za dukani bila shida, ganda linajitanua lenyewe humo ndani. Kinachonitisha ni huo mstari. Fundi akichonga bila kuurudisha mtutu nyuma kidogo, ganda linakosa pa kuegemea, linavutika. Na chemba ikishabadilishwa, mtutu unatakiwa ugongwe jina jipya. Usiifyatue tena hiyo bunduki.

Ngiri wa Isimani:
Mmesikia? Na mtu hakulitazama hata ganda! Kamtazama shemeji! Manati!

Mjukuu wa Lugalo:
Mwaka 1891 pale Lugalo watu wa Mkwawa walichukua bunduki za Wajerumani bila kutoa kianzio. Leo Mhehe analipa, anapewa mninga, halafu anaambiwa habari za manati. Tumefikaje hapa?

Ndaga Fijo:
Wahehe kwa kulalamika mnaongoza. Ila huyo bwana kweli. Mimi aliniuzia darubini ya bunduki, skrubu zake zinalegea ukikohoa. Nilipomrudia akaniambia nipunguze kukohoa.

Chai ya Mufindi:
Nipunguze kukohoa!!! Nimemwaga chai mimi.

Afande Mstaafu:
Acheni mzaha kidogo. Leseni inasema .30-06, chemba inasema kingine. Siku ya ukaguzi ataulizwa mwenye bunduki, hataulizwa fundi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 si ya kuchezea, na bunduki haihami mkono bila kibali. Kijana, nenda kituoni ueleze, na maganda uyaonyeshe.

Ngiri wa Isimani:
Nitaenda afande, kesho asubuhi. Lakini hili la kumdhalilisha mtu mbele ya mashemeji zake, hakuna kifungu?

Afande Mstaafu:
Hilo peleka kwa wazee.

Kiazi Mviringo:
Wazee watamwuliza kama manati anayo.

Mama Parachichi:
Nyie mnalilia bunduki, mimi nalia njaa. Juzi dalali kaja shambani Njombe na kipimo chake mkononi. Nusu ya parachichi zangu za Hass akaziita rijekti, bei ya kutupa. Nikageuka kumpa mtoto maji, narudi nakuta rijekti zimepakiwa kwenye gari lile lile, kreti zile zile!

Chai ya Mufindi:
Gari lile lile?

Mama Parachichi:
Lile lile kaka! Nikamwuliza, akasema barabarani zitapona.

Kiazi Mviringo:
Afadhali wewe unahesabiwa kreti. Huku Uyole ni lumbesa. Gunia la viazi linajazwa, linashonewa kilemba juu, kilemba kirefu kuliko gunia lenyewe, bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inasema mwisho kilo 100. Hilo ukilibeba unabeba na mama yake.

Ngiri wa Isimani:
Wakuu, mada ni bunduki. Mzee mzima anageuka kwa shemeji yangu...

Ndaga Fijo:
Tumeshakusikia, kaka, poa kidogo. Kiazi, hilo la kilemba huku Rungwe limehamia kwenye ndizi, mkungu mmoja wanataka uwape na wa ziada wa kupumzishia gari.

Fundi Baridi:
Mama Parachichi, huyo dalali si yule wa Makambako mwenye Fuso ya bluu, jino moja la dhahabu?

Mama Parachichi:
Ndiye huyo huyo!

Fundi Baridi:
Dah. Ana viazi vyangu tangu mwezi wa tano.

Mjukuu wa Lugalo:
Ana na maharage ya mama yangu. Fungueni uzi wake, huu umejaa.