Naomba ushauri: mama kulaza kiti kwenye ndege

Habari ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Mwezi ujao nampeleka mama Muhimbili kutoka hapa Kigoma, kwa ndege. Mgongo unamsumbua, hawezi kukaa wima muda mrefu. Najua ndege ikipaa na ikitua kiti lazima kiinuliwe, na wakati wa kula ni uungwana kukirudisha. Shida ni aliye nyuma. Safari iliyopita abiria mmoja mrefu alimgombeza kwamba anambana magoti, na mama, mtu mzima yule, akavumilia maumivu mpaka Dar. Iliniuma sana. Nikaulizia viti vya mstari wa mwisho, nikaambiwa mara nyingi havilali. Je, nimwombe wa nyuma kwanza, au nimweleze mhudumu mapema? Na akikataa, nifanyeje?