Kusimamisha mlingoti wa boti ya trela: mikono, nguzo au henza ya jahazi?

Mwana wa Fumba

Assalam alaykum wanabahari. Nimenunua boti ya tanga ya faiba, futi 19, kwa mgeni aliyekuwa akihama Unguja. Inakaa uani kwangu juu ya trela, mlingoti umelazwa. Kila nikitaka kutoka naivuta hadi pwani ya Fumba, nasimamisha mlingoti, nangoja maji yajae naishusha boti.

Mlingoti ni wa alumini, mita 7, kilo 20. Mguuni una bawaba, unalala kuelekea shetri (nyuma ya boti). Watu ni mie na kijana wangu wa miaka 15, basi. Wiki iliyopita tuliufikisha nusu, kusi ikaupiga ubavuni, ukatuponyoka ukaangukia kushoto. Hakuumia mtu, alhamdulillahi, ila bawaba imepinda na kijana hataki tena kusimama chini yake. Simlaumu.

Nimeshaambiwa mengi: wengine wanasema tuongeze watu tunyanyue kwa mikono, wengine niweke nguzo ya kunyanyulia, wengine niazime henza (kamba ya kupandishia tanga) ya jahazi. Aliyefanya kwa mkono wake anieleze.

Nahodha wa Mkoani

Waalaykum salaam ndugu yangu. Pole, na mshukuru Mungu kwa huyo kijana.

Kwanza atakuja mtu akwambie "mbona ngalawa tunasimamisha kwa mikono?" Usimsikilize. Mlingoti wa ngalawa ni mfupi, watu wawili wanaubeba, mmoja anaulenga mguu uingie kwenye mwashiri (mti wenye tundu la kuushika mguu), umekwisha. Urefu wa tanga unabebwa na foromali (mti mrefu unaofungiwa tanga), na foromali inatwekwa baadaye. Wala mlingoti ule hautegemei waya. Henza ikishafungwa upande wa joshi (unakotoka upepo) ndiyo inayouegemeza. Wako ni mrefu, mwembamba, na bila waya zake hausimami. Ni vitu viwili mbali.

Mie nilimsaidia mtu hapa Mkoani kwa henza. Tuliilaza boti ubavuni mwa jahazi, tukafunga henza juu kidogo ya katikati ya mlingoti wake, tukaunyanyua polepole kama mzigo. Haukuyumba hata kidogo, maana ulikuwa unaning'inia. Kwa kazi ya mara moja kwa msimu sijaona njia iliyo salama zaidi. Ila maji yawe yametulia. Vyombo viwili vikipishana kwa wimbi, mlingoti unakuwa nyundo.

Fundi wa Nungwi

Nahodha kasema kweli, lakini huyu ndugu anatoka kila wiki. Ataazima jahazi kila Jumamosi?

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo watu wanapokosea. Kilo 20 si nyingi ukiubeba begani. Ukiwa umelala kwenye bawaba, uzito wake umekaa kama mita 3.3 kutoka mguuni. Ukiushika mita 2 kutoka bawaba, mikono yako inabeba kilo 33, na hapo umesimama kwenye boti iliyo juu ya trela, huna pa kukanyaga vizuri. Unavyozidi kusimama unakuwa mwepesi. Kwa hiyo nguvu yote inatakiwa mwanzoni.

Sasa mtu anasema: mmoja akae omo (mbele ya boti) avute waya wa mbele. Mlingoti ukiwa umelala, ule waya unakwenda karibu sambamba nao. Unausukuma mguu ndani ya bawaba, haunyanyui kitu. Tuseme kichwa kimeegemezwa mita moja juu ya bawaba, na omo ni mita 2.5 mbele: mvuto unaotakiwa unapita kilo 200. Ndiyo maana ukivuta hivyo hakiinuki kitu mpaka mwenzako ausukume kwa bega.

Nguzo inatibu hilo. Chukua mti au bomba la mita 2, uufunge mguuni mwa mlingoti, wenyewe usimame wima wakati mlingoti umelala. Waya wa mbele unaufunga kwenye ncha ya nguzo, na kutoka ncha hiyo kamba inashuka hadi omo. Sasa kamba ina pa kuegemea. Kwa vipimo vile vile mvuto unashuka hadi kilo 40 na ushei. Tia makapi (magurudumu ya kupitishia kamba), kamba ipite mara nne, unavuta kilo 10 na kitu, ukihesabu na msuguano. Kamba ya damani (ya kuongozea tanga) ya boti yako tayari ina makapi hayo, usinunue mengine. Mlingoti ukifika wima, nguzo inakuwa imelala juu ya sitaha ya mbele, unaifungua.

Kuna wanaotumia winchi ya trela badala ya makapi. Inafanya kazi, ila winchi haina hisia. Waya ukinasa mahali, mkono kwenye kamba unajua mara moja. Winchi inaendelea kuvuta mpaka kitu kikatike.

Bi Chwaka

Kaka Fumba, Fundi kakutatulia uzito, lakini kilichokuangusha wewe ni ubavu. Nguzo peke yake haitakusaidia hapo, na naomba usiijaribu kabla hujaufunga ubavu.

Angalia waya zako za pembeni. Zimefungwa nyuma kidogo ya bawaba, sivyo? Mlingoti ukilala zinalegea zote mbili, zinakuja kukaza mwishoni. Katikati ya safari hakuna kinachoushika, na upepo ukija kutoka ubavuni ndio yale yaliyowakuta.

Sisi tunatoka na mume wangu na shemeji, tunanyanyua kwa mikono, lakini kamba mbili fupi hatuziachi. Zinatoka kama mita 2 juu ya mguu, moja kila upande, zinafungwa pembeni mwa boti mahali palipo mstari mmoja na msumari wa bawaba. Huo mstari ndio siri yote. Zikiwa hapo zinabaki zimekaza tangu mlingoti umelala mpaka umesimama, kwa sababu zinazunguka pamoja nao. Na nguzo nayo ifungie kamba zake mbili namna hiyo hiyo, isilale upande.

Jambo jingine, kabla ya kuinua zungukia kila waya kwa mkono. Mara nyingi umenasa kwenye usukani au taa ya trela.

Nahodha wa Mkoani

Bi Chwaka, umenifunza. Basi kwa nini asitumie nguzo mbili, miguu ipanuke ifike pande zote za boti, zikutane juu? Hazihitaji kamba za kuzishika.

Fundi wa Nungwi

Nahodha, ni imara zaidi, kweli. Lakini zinataka bawaba mbili zaidi, nazo lazima zikae kwenye mstari ule ule. Na zinazuia nguzo tu isiyumbe. Mlingoti bado utataka kamba za Bi Chwaka. Kwa kilo 20 naona nguzo moja inatosha. Ungekuwa wa mita 9 ningekuunga mkono.

Kijana wa Wesha

Nyaya za umeme! Hakuna aliyezitaja. Alumini inapitisha umeme, na nyaya nyingi zinavuka njia za kuingilia pwani. Usiinue uani halafu ukavuta trela. Tazama juu pale unaposimama na njia yote hadi majini.

Mwana wa Fumba

Ahsanteni sana. Kijana wa Wesha, juzi nilikwenda kutazama: kuna waya hatua kama 30 kutoka pale tulipokuwa tukisimama. Tumehamia chini, mchangani.

Bawaba nimeinyoosha kwa fundi chuma, nguzo nimechonga ya mvinje, mita 2, chini nimeitia mdomo wa nusu duara ukumbatie mlingoti. Kamba za ubavuni mwanzo nilizifunga sentimita 20 mbele ya msumari, kwa kuwa kulikuwa na tundu tayari. Zikalegea tulipofika nusu. Tukaushusha polepole kwa makapi, nikatoboa matundu mapya sawasawa na msumari, tukarudia. Hazikulegea tena, na kusi ilikuwa inavuma.

Kijana ndiye aliyevuta, amekaa omo, mbali na pale unapoweza kuangukia. Mie nilikuwa shetri nauongoza kichwa kwa mkono. Ulipofika juu alinisubiri nikaze waya, akaniuliza kama kesho tunatoka na maji ya asubuhi.