Canter inavuja oili baina ya injini na giaboksi: dawa ya chupa, silikoni au kuteremsha giaboksi?

Mizigo_Mkoani
Assalaam alaykum mafundi. Canter yenye injini ya dizeli ya 4D33, kazi yake matofali na mchanga baina ya Mkoani na Chake, hapa Pemba. Oili inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Fundi mmoja anasema sili ya nyuma ya kranki (raba inayozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea) imekwisha, giaboksi iteremshwe. Mwengine anasema itiwe dawa ya kuzuia uvujaji. Wa tatu anataka kupaka silikoni kwa nje. Ipi ya kushika?

Spana17
Wa alaykum salaam ndugu yangu. Usitoe pesa kwa yeyote kabla hujajua inapoanzia. Oili inateremka kwa uzito wake na upepo wa feni unaisukuma nyuma, kwa hivyo tone huonekana mbali na tundu. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, ikikatika pembe ya nyuma, oili hushuka mgongoni mwa silinda hedi, ikaishia pale pale ambapo sili ya kranki ingedondoshea. Gasketi ni kunyanyua kabini na kufungua bolti chache. Sili ya kranki ni kazi ya kutwa, watu wawili.

Injini ikiwa baridi, isugue kwa brashi na dizeli, kisha sabuni na maji. Funika altaneta, starta na njia ya hewa. Ikikauka, nyunyizia poda ya mtoto ubavuni na nyuma. Iache ingurume dakika 15 bila kukanyaga mafuta, halafu izungushe na mzigo kidogo. Chukua tochi utafute pahala pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa. Hapo ndipo penye tundu. Palipo chini yake ni njia tu.

Dizeli_Wete
Naongeza mambo mawili. Kwanza nusa tone lenyewe. Oili ya gia ina harufu kali ya kiberiti na ni nzito. Ikiwa ni hiyo, sili iliyokufa ni ya mbele ya giaboksi, injini haina kosa.

Pili, tizama altaneta. Canter nyingi za zamani zina pampu ya vakyumu, inayosaidia breki, nyuma ya altaneta, na pampu hiyo inalainishwa kwa oili ya injini kupitia mpira mwembamba. Mpira ukipasuka, ubavu mzima unalowa na mtu akadhani ni sampu, bakuli la oili la chini ya injini. Ikiwa breki nazo zimekuwa nzito, anza hapo. Swichi ya presha ya oili nayo huvujia katikati, kwenye plastiki. Na filta: raba ya zamani ikibaki imeganda kwenye injini, ya pili ikawekwa juu yake, itamwaga tu.

Gereji_Konde
Bado pumzi ya injini, yaani presha ya gesi ndani yake, haijatajwa, na ndiyo inayoua sili mpya. Injini ikinguruma, fungua kifuniko cha kutilia oili, kiweke juu chini kwenye tundu lake bila kukifunga. Kikitikisika kidogo ni kawaida. Kikirushwa na moshi ukitoka mfululizo, ama mpira wa pumzi umeziba kwa masizi, ama ringi za pistoni zimechoka. Zibua mpira kwanza, pima tena. Presha ikibaki kubwa ndani, sili yoyote utakayotia itasukumwa, na giaboksi utaiteremsha mara ya pili kwa kosa lile lile.

Bolti_M8
Nilinganishe zile tatu sasa.

Dawa ya chupa inavimbisha raba iliyokauka. Inaweza kupunguza jasho la sili kwa muda, lakini haitibu gasketi ya karatasi iliyokatika, sampu iliyotoboka wala sili iliyochanika. Ukiitumia, iwe ya kukuvusha mpaka spea zifike kwa boti. Wanaotia mafuta ya breki kwenye oili ili raba ivimbe wakimbieni, yanaharibu oili na raba zote kwa jumla.

Silikoni ya nje siikubali kabisa. Oili iko ndani inasukuma nje, gundi haishiki pahala penye mafuta. Silikoni ina kazi yake kwenye sampu, ndani ya muungano: safisha mpaka chuma king'are, paka uzi wa milimita 3 unaozunguka upande wa ndani wa matundu ya bolti, funga mara moja, uiache masaa 24 kabla ya kutia oili. Ukizidisha, mabaki yanaangukia ndani na kuziba chujio la pampu. Hapo uvujaji umegeuka kifo cha injini. Na mdomo wa sampu uliopinda kwa kukazwa sana ugongwe unyooke kwanza, juu ya ubao.

Spana17
Sahihi. Na ikithibitika ni sili ya kranki, hakuna njia ya mkato, giaboksi ishuke. Ishikwe na jeki muda wote. Ikining'inia kwenye shafti inapindisha pleti ya klachi. Pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapokaa kwenye kranki. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya pahala pale pale haitadumu.

Dizeli_Wete
Hapo wengine huisogeza sili milimita 2 ndani au nje ili ikae kwenye chuma kizima.

Spana17
Inafaa ikiwa nyumba ya sili ina nafasi na mfereji ni mwembamba. Ukiwa mkubwa, mimi naona bushi nyembamba ya kuvisha juu ya kranki ni bora. Sili ya raba ipakwe oili safi mdomoni. Ile yenye mdomo mweupe mgumu wa teflon ivishwe kavu, vyenginevyo haishiki. Isukumwe sawasawa pande zote.

Mizigo_Mkoani
Ahsanteni sana. Ikiwa giaboksi itashuka, niagize nini kwa mkupuo mmoja?

Gereji_Konde
Sili ya nyuma ya kranki, sili ya mbele ya giaboksi, rilisi beringi (ile inayoachia klachi), na beringi ndogo ya kati ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya kranki. Pleti ya klachi ikiwa imelowa oili usiioshe kwa petroli ukairudisha, itateleza kwenye mlima ukiwa na mzigo, agiza mpya. Gasketi ya tapeti kava pamoja na raba za chini ya bolti zake ziagize hata kabla ya kupima, ni rahisi na zina mwisho wake. Bolti za flaiwili zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa namba za kitabu cha 4D33, kwa kupishana. Na oili inayotoka ikinge kwenye dumu, usiimwage chini, visima vya huku haviko mbali na gereji.